Programu ‘sahihi’ inaposhuku wasio na hatia

MWANAFUNZI wa kompyuta anapokumbana na somo la uwezekano na takwimu katika mwaka wa kwanza chuoni, aghalabu huliona kuwa kikwazo tu kabla ya kufikia uundaji wa programu. Dhana hiyo inaweza kumgharimu raia asiyemjua kabisa.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kutuma pesa kwa simu inataka programu ya kunasa ulaghai. Kati ya miamala 100,000 ya siku moja, 100 ni ya kilaghai. Programu hiyo hunasa 99 kati ya hiyo 100, na hushuku kimakosa muamala 1 tu kwa kila 100 iliyo halali. Muuzaji ataisifu kuwa sahihi kwa asilimia 99, na hatakuwa amedanganya.

Sasa king’ora kinalia na akaunti ya mama mboga fulani inafungwa. Je, uwezekano kwamba muamala wake ni wa kilaghai ni kiasi gani? Wengi watajibu asilimia 99, na hapo ndipo watahiniwa wengi hujikwaa.

Miamala halali ni 99,900. Asilimia 1 yake ni 999. Ukijumlisha na ile 99 ya kilaghai iliyonaswa, king’ora kitalia mara 1,098. Kati ya hizo, ulaghai wa kweli ni 99 pekee, yaani takriban asilimia 9. Waliosalia wameonewa.

Kiini cha kosa ni kuchanganya maswali mawili. Uwezekano wa king’ora kulia iwapo pana ulaghai si sawa na uwezekano wa kuwepo ulaghai iwapo king’ora kimelia. Kanuni ya kutoka swali moja hadi jingine hunasibishwa na Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki 1761. Insha yake ilichapishwa 1763. Kanuni hiyo hudai kwanza ijulikane walaghai ni wangapi kwa jumla.

Kipimo cha pili chenye uwezo uo huo, kikipitia miamala 1,098 iliyoshukiwa, kingebakisha takriban 98 ya kilaghai na 10 halali. Uwezekano ungepanda hadi karibu asilimia 91. Lakini sharti kitegemee dalili tofauti kabisa. Kikitazama zile zile za kwanza, kitarudia kosa lile lile, na mama mboga atakosa pesa za kununulia sukumawiki Marikiti alfajiri.