Viti vya Ngozi Rangi ya Krimu: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Mtu akinunua gari lenye viti vya ngozi rangi ya krimu, ushauri humjia hata namba za usajili hazijafungwa. Shemeji anasema mafuta ya nazi, jirani anasema Jik, kijana wa kuosha magari keshashika brashi na sabuni ya unga. Wote wanamtakia mema, ila mengi ya wanayosema yanaharibu viti. Tuyapime.

“Ngozi isipopakwa mafuta inakauka na kupasuka.”

Si kweli, na hapa ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa. Ngozi ya viti vya magari, karibu yote, hupakwa rangi kiwandani, kisha hufunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki ya poliyurethani. Ukipapasa kiti chako, unapapasa tabaka hilo, si ngozi yenyewe. Mafuta ya nazi au ya kupikia hayapenyi humo. Yanabaki juu, yananasa vumbi, na gari likishinda juani yanachacha na kunuka. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likisimama, kiti kimefunikwa. Likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi isiyofunikwa, ambayo ni nadra, na inahitaji dawa yake maalumu.

“Kiti kikifubaa, ngozi imezeeka.”

Mara nyingi si kweli. Ni uchafu tu. Tazama ukingo wa kiti cha dereva, pale paja linapopita mtu akiingia na kutoka. Ndani ya vijifinyo vya ngozi kumejaa jasho, vumbi na mafuta ya kujipaka, na kwa mbali vyote hivyo vinaonekana kama kijivu cha uzee. Fyonza vumbi kwanza, maana mchanga ukisuguliwa unachuna rangi. Kisha tia povu la sabuni ya ngozi kwenye brashi laini, usilimwage juu ya kiti. Sugua taratibu kipande kidogo kidogo, pangusa kwa taulo lenye unyevu kabla povu halijakauka, malizia kwa taulo kavu. Taulo likitoka na rangi ya chai, ndipo utajua ulikuwa umekalia nini. Kwenye viti vyenye vitundu tumia povu pekee: maji yakizama yanabaki kwenye sponji ya ndani na kuota ukungu, na chini yake mara nyingi kuna nyaya.

“Jik, spiriti na dawa ya meno huondoa doa sugu.”

Doa litaondoka kweli, na rangi itaondoka nalo. Spiriti na dawa ya kufutia rangi ya kucha huyeyusha lile tabaka la juu. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na sponji nyeupe zinazosifiwa kwa kufuta kila kitu ni msasa laini. Jik usiikaribishe kabisa. Hata sabuni ya unga ni kali mno: ina magadi, ilhali ngozi kwa asili yake ina tindikali kidogo.

“Jinzi kavu haiwezi kuchafua kiti.”

Si kweli. Rangi ya buluu ya jinzi haizami hadi kiini cha uzi, inakaa juu juu, hivyo msuguano, joto na jasho huihamishia kwenye kiti. Vitenge vipya navyo huchuja vivyo hivyo. Ukiiwahi ndani ya siku chache, povu linaitoa. Ukiiacha miezi, inazama ndani ya lile tabaka na haitoki tena. Watu wa pwani waongeze hadhari ya hina: inashika protini, kwa hiyo kiti kilichochubuka kinaipokea kama kucha. Bibi harusi mwenye hina mbichi atandikiwe kanga kuukuu iliyokwisha kuchuja.

“Jua ndilo adui mkubwa.”

Kweli tupu. Mionzi na joto huudhoofisha mfuniko ule mwaka hadi mwaka. Egesha kivulini, au weka kizuizi cha jua nyuma ya kioo cha mbele.

“Palipochubuka, paka rangi ya viatu.”

Si kweli hata kidogo. Haishiki pale, itaishia kwenye nguo za abiria. Fundi anayeijua kazi huosha kiti, huondoa mafuta yote, hupiga msasa mwepesi, huziba nyufa, hupuliza rangi ya ngozi, kisha hufunika. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wa haraka huiruka. Kabla hujalipa, muulize fundi wako atafunika kwa nini. Akikosa jibu, tafuta mwingine.