Kisangani: Zinki ya baharini haitoshi kulinda boti za mto Kongo

Boti ya chuma ikivutwa ukingoni wakati maji ya mto yameshuka, kutu yake mara nyingi haionekani sawa kila mahali. Mbele na ubavuni rangi inaweza kuwa bado nzima. Nyuma, karibu na elisi, chuma kina vishimo vidogo vilivyoingia ndani, kana kwamba mtu amevichimba kwa msumari. Elisi yenyewe, iliyotengenezwa kwa bronzi, haina jeraha.

Ni rahisi kulaumu chuma kwamba kilikuwa kibaya tangu dukani, lakini kinacholeta shida ni ujirani wa metali mbili. Chuma na bronzi vikigusana ndani ya maji yaleyale, umeme mdogo huanza kupita kati yao, na chuma ndicho kinacholiwa. Kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya betri ya tochi, ambamo kikopo cha zinki huliwa polepole ili taa iwake.

Waingereza waliligundua jambo hili kwa hasara. Mwaka 1761 walifunika tumbo la meli yao ya kivita Alarm kwa mabati ya shaba yaliyopigiliwa misumari ya chuma. Baada ya muda mfupi misumari mingi ilikuwa imeoza na mabati yakaanza kuachia. Misumari michache tu ilibaki mizima: ile ambayo karatasi ya kufungia mabati ilikuwa imesahaulika kati yake na shaba.

Kwa Kisangani hili si somo la maabara tu. Mji huu ndio mwisho wa safari ya boti kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, kwani juu yake maporomoko ya Boyoma yanafunga njia na mizigo hupaswa kwenda Ubundu kwa reli au kwa barabara. Boti ikipoteza usukani kati ya Bumba na Lisala, iko mbali sana na karakana. Ajali nyingi za mtoni hutokana na mizigo kupita kiasi na safari za usiku, wala si kutu. Hata hivyo, boti iliyojaa kupita kiasi huwa imezama zaidi majini, na bamba lililobaki jembamba huko nyuma ndilo linalobeba hatari hiyo.

Dawa ya kawaida ni anodi, kipande cha metali dhaifu kinachofungwa kwenye boti ili kiliwe badala ya chuma. Baharini hutumiwa zinki, na hapo ndipo wenye boti za mtoni wanapoweza kupotea. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, zinki hujifunika ganda jeupe na kuacha kufanya kazi. Mwenye boti anaona kipande hakijapungua na kufurahi, kumbe chuma ndicho kinacholiwa. Nchi yetu ilirudia kuchimba zinki huko Kipushi mwaka 2024, lakini kwa mto huu metali inayofaa ni magnezi. Hiyo nayo ina sharti lake: boti ikishuka hadi kwenye maji ya chumvi, kama kule Banana, magnezi huyeyuka upesi mno.

Maji ya mto Kongo yana madini kidogo, kwa hiyo umeme huo hauendi mbali. Ndiyo maana uharibifu hukusanyika karibu na elisi, mhimili wake na usukani, na ndiyo maana anodi moja iliyofungwa katikati ya boti ni kazi bure. Inatakiwa iwe nyuma, ishikane na chuma kitupu kilichosuguliwa, bila rangi katikati, na ibadilishwe ikishaliwa nusu. Anodi yenyewe haipakwi rangi kamwe. Fundi akiipaka ili ipendeze, amemfunga mlinzi mikono.

Rangi ya boti nayo inaweza kudanganya. Chuma kikipakwa vizuri na bronzi ikaachwa wazi, mkwaruzo mmoja wa mchanga unatosha: umeme wote wa bronzi unakula pale palipochubuka, na tundu linapatikana haraka kuliko kama kutu ingeenea. Bolti ya shaba nyeupe kwenye bamba la chuma huleta mambo hayohayo, isipotengwa kwa mpira au plastiki, kama ile karatasi ya Alarm.

Wenye mitumbwi na mashua za mbao wasijione wamesalimika. Mguu wa mota inayofungwa nyuma ni wa aluminiamu, na mota nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anodi ndogo karibu na elisi. Ikiisha bila kubadilishwa, mguu ndio unaofuata.

Hata anodi nzuri haiwezi kushindana na waya mbovu. Waya wa betri uliochubuka na kulala ndani ya maji ya chini ya boti ya chuma hupitisha umeme wenye nguvu kuliko ule wa metali mbili, na unaweza kutoboa bamba ndani ya wiki chache. Kuutafuta hakuhitaji fedha. Ni kuzima kila kitu, kukausha maji ya ndani, na kufuata kila waya kutoka kwenye betri hadi mwisho wake.