Fundi akituzwa, nyasi zake je?

Wiki hii napenda tuzungumzie tuzo. Sina maana ya tuzo za wanamuziki na wacheza sinema, ambazo hatuchoki kuzisikia. Nakusudia tuzo wanazopewa mafundi wa mikono: mhunzi, msusi, mfinyanzi, mchongaji, mfumaji. Hawa ni watu ambao kazi zao tunazitumia kila siku bila kuuliza zimetoka mkononi mwa nani.

Mwanariadha hupimwa kwa saa, na mcheza mpira kwa magoli. Je, fundi wa mikono apimwe kwa nini? Kwa uzuri wa kikapu chake tu, au pia kwa watu waliojifunza kusuka kutoka kwake, na kwa yale aliyowatendea majirani zake? Na akishapewa hiyo tuzo, shida iliyokuwa ikimkabili jana itakuwa imepungua?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mahali pamoja. Twende Charleston, mji wa pwani katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Katika Amerika ya Kaskazini yote hapakuwa na bandari iliyopokea Waafrika wengi waliouzwa utumwani kuliko hiyo. Wengi wao walipelekwa kwenye mashamba ya mpunga, kilimo kilichowatajirisha mabwana wa huko kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Miongoni mwa Waafrika hao walikuwamo watu wa Afrika Magharibi ambao mpunga waliujua tangu kwao. Waliletwa mikono mitupu, lakini kichwani walikuwa na ujuzi wa vyombo vya kazi, na chombo kimojawapo kilikuwa ungo wa kupepetea.

Ungo huo haukusukwa kama mkeka wetu wa ukindu, ambao chane zake hupishana juu na chini. Huko fungu la nyasi hushikwa pamoja likawa nene kama kidole, likazungushwa kama nyoka aliyejikunja, na kila mzunguko ukashonwa kwenye ule uliotangulia kwa chane za majani ya palmetto, mti wa jamii ya mitende. Sindano haitumiki. Fundi hutoboa tundu kwa mpini wa kijiko uliokatwa na kunolewa, akapitisha chane, akakaza, akaendelea. Anayekijua kikapu cha agaseke cha Rwanda atakuwa amekwisha pata picha. Kikapu kidogo huchukua siku kadhaa, na kikubwa chenye mapambo huweza kula miezi.

Kilimo cha mpunga kilikuja kufa, lakini ususi haukufa nacho. Mwaka 1929 lilifunguliwa daraja kubwa juu ya mto Cooper, likaunganisha Charleston na Mount Pleasant, mji uliokuwa na wasusi wengi. Magari yakaanza kupita mbele ya nyumba zao. Akina mama wakatundika vikapu kando ya barabara ili wasafiri wavione, na ndivyo vilivyoanza vibanda vya vikapu ambavyo vingali vipo katika barabara kuu namba 17. Ungo wa shambani ukawa kikapu cha mkate, cha matunda, cha kushonea, na hatimaye kitu cha kuwekwa katika majumba ya makumbusho.

Sasa tuje kwenye tuzo yenyewe. Mwaka 1982 Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani ulianza kutoa Tuzo ya Taifa ya Urithi kwa wasanii na mafundi wa jadi. Aliyeipigania ni mama mmoja aitwaye Bess Lomax Hawes, aliyekuwa akiongoza idara ya sanaa za jadi katika mfuko huo. Wazo hilo lilikuwa na mfano wake Japani. Wajapani walitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950, wakairekebisha mwaka 1954, na kuanzia mwaka 1955 wakawateua mafundi ambao watu huwaita Hazina Hai za Taifa. Mfinyanzi Hamada Shoji wa Mashiko alikuwa katika kundi la kwanza.

Hapo Japani pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Aliyeteuliwa hupewa yen milioni 2 kila mwaka, na fedha hizo si takrima ya uzeeni. Hupewa ili aendeleze ufundi wake na kuwafundisha watakaoupokea. Kwa mujibu wa sheria yao kinacholindwa ni ufundi wenyewe, na mtu anatambuliwa kwa kuwa ndiye aliyeubeba. Tena wanaweza kutambua kikundi kizima, kwa mfano wafumaji wa kitambaa fulani cha wilaya fulani, bila kumtoa mmoja na kumwita bora. Jambo hili la kikundi nitalirudia.

Wamarekani wao walichagua kumpa mtu fedha mara moja tu. Mwanzoni zilikuwa dola 5,000, na kufikia mwaka 2010 zilikuwa dola 25,000. Lakini waliweka kanuni moja ambayo mimi naipenda sana: mtu hajipendekezi mwenyewe. Wanaompendekeza ni watu wengine wanaoifahamu kazi yake. Maana yake ni kwamba fundi aliyejifungia na siri zake, hata awe na mikono ya dhahabu, atapata shida kupata wa kumtaja. Mwaka 2000 wakaongeza tuzo nyingine yenye jina la mama Hawes, mahsusi kwa watu waliotoa mchango mkubwa kwa kufundisha, kukusanya na kutetea sanaa za jadi. Hapo kumtumikia jirani kukawa kigezo kinachosimama peke yake.

Kundi la kwanza la mwaka 1982 lilikuwa na watu 15, na mmoja wao alikuwa mhunzi wa Charleston, Mzee Philip Simmons. Alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Daniel, jirani na mji, akaletwa mjini akiwa mtoto ili asome. Njiani kwenda shule alivutwa na cheche za viwanda vya wahunzi. Alipofika miaka 13 akawa mwanagenzi wa mzee mmoja aitwaye Peter Simmons. Majina yao yalilingana lakini hawakuwa ndugu. Mzee Peter alikuwa amezaliwa utumwani. Kijana akafundishwa kuvuta mvukuto, kusoma rangi ya chuma kikiwa motoni, kupiga kwato za farasi na kufunga magurudumu ya mikokoteni.

Kisha motokaa zikaja, farasi wakaondoka, na kazi ikaondoka nao. Wahunzi wengi walifunga milango. Simmons akageukia malango ya nyumba, uzio, vizuizi vya roshani na nondo za madirisha, vyote vya chuma kilichokunjwa na kupambwa. Lango lake moja lina nyoka katikati, na watu husimama barabarani kulitazama. Hadi alipofariki mwaka 2009, akiwa na miaka 97, kazi za namna hiyo alizozitoa mikononi mwake zilizidi 500. Mwaka 1976 alikwenda Washington, kwenye tamasha la sanaa za jadi, na huko, mbele ya macho ya watazamaji, alitengeneza lango lenye nyota na samaki.

Alipopata tuzo ya taifa alikuwa na miaka 70. Nasema hivyo makusudi. Tuzo za mafundi zina desturi ya kuchelewa. Fundi hupambwa wakati nguvu za nyundo zinamwishia, naye akashukuru kwa adabu, na picha ikapigwa. Bahati ya Charleston ni kwamba mzee huyu hakuwa amesubiri tuzo ili afundishe. Vijana walikuwa wakiingia na kutoka katika karakana yake, na jamaa zake wawili walioshika nyundo kwake waliiendeleza kazi. Umuhimu wa jambo hilo ulionekana Septemba 1989, tufani iliyoitwa Hugo ilipoupiga mji. Nyumba za kale zilibomoka, wenyewe wakataka kuzirudisha kama zilivyokuwa, na mafundi wa kutosha hawakupatikana. Fedha zilikuwapo, lakini mikono haikutosha. Kutokana na fundisho hilo kilizaliwa chuo cha ufundi wa majengo, kilichopewa leseni mwaka 2004, na fani mojawapo inayofundishwa humo ni uhunzi wa aina ileile ya Mzee Simmons.

Mwaka 1984 tuzo hiyohiyo ilikwenda ng'ambo ya daraja, kwa msusi wa Mount Pleasant, Bibi Mary Jane Manigault. Kwa wasusi ilikuwa heshima kubwa. Lakini hebu tujiulize. Mhunzi anaweza kuwa mmoja mtaani. Wasusi wa Mount Pleasant walikuwa mamia, mama na binti, shangazi na mpwa, kibanda na kibanda. Mishono ni ya wote, na umbo ambalo mmoja amelibuni leo, jirani atakuwa nalo wiki ijayo. Ukimtoa mmoja katika watu kama hao na kumvika nishani, umeheshimu ufundi wao, ni kweli, lakini pia umeweka ngazi mahali ambapo palikuwa na sakafu. Ndiyo maana nimesema ule mpango wa Kijapani wa kutambua kikundi unafaa kuangaliwa. Kwa ufundi wa karakana, mteue mtu. Kwa ufundi wa kijiji kizima, nadhani ni haki kijiji kitajwe.

Hata hivyo, yupo msusi mmoja ambaye jina lake lilipopandishwa, kijiji kilipanda nalo. Huyo ni Bibi Mary Jackson, aliyezaliwa mwaka 1945 na kuanza kushona nyasi akiwa na miaka minne, chini ya mikono ya mama na bibi yake. Mwaka 2008 Taasisi ya MacArthur ilimpa tuzo ya dola 500,000, zilizolipwa kwa miaka mitano, na mwaka 2010 akapata ile Tuzo ya Taifa ya Urithi. Vikapu vyake huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini waliomtuza hawakutaja vikapu peke yake. Walitaja pia kazi aliyoifanya ya kupigania nyasi.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Nyasi zinazotumika, ambazo Waingereza wangeziita nyasi tamu kwa harufu yake nzuri, humea nyuma ya vilima vya mchanga wa pwani. Hazikatwi kwa panga. Mvunaji hung'oa majani na kuacha shina na mizizi ardhini, na mwaka unaofuata huchipua tena. Kwa vizazi vingi mtu aliingia tu ufukweni akavuna. Kisha pwani ile ikapendwa na wenye fedha. Visiwa vikanunuliwa, zikajengwa nyumba za mapumziko na viwanja vya gofu, na mbele yake yakawekwa malango yenye walinzi. Mji wa Mount Pleasant, uliokuwa na watu kama 30,000 mwaka 1990, ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 90,000 mwaka 2020. Malango ya Simmons yaliuletea mji sifa. Malango haya mengine yalimzuia msusi asifikie malighafi yake. Mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, ambaye mpingo wake hutoka mikoa ya kusini, atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Mwaka 1988, kabla Bibi Jackson hajapata tuzo yoyote kati ya hizo mbili, wasusi waliunda chama chao, naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Wakazungumza na wenye viwanja, na baadhi wakakubali kuwafungulia wavune kwa ruhusa. Wataalamu wa mimea wakajaribu kuziotesha nyasi mashambani, na siku hizi hupandwa pia kama pambo la bustani. Tuzo zilipokuja, hazikuanzisha juhudi hizo. Zilichofanya ni kumwongezea sauti mtu aliyekuwa tayari anasema. Mwenye kiwanja ambaye jana hakutaka kumsikiliza mama wa kando ya barabara, leo anamsikiliza mwanamke ambaye vikapu vyake vimo katika makumbusho ya taifa. Kama ni haki au si haki, hilo ni suala jingine, lakini ndivyo dunia ilivyo.

Kwa hiyo ningekuwa mjumbe wa kamati ya kuwatuza mafundi, ningeomba tusikutane hotelini. Ningeomba twende karakana, tuhesabu ni vijana wangapi wameshika nyundo, kisha tumwombe fundi atupeleke mahali anapotoa malighafi yake, na atuonyeshe nani ameshika ufunguo. Huenda tungerudi na uamuzi tofauti na ule tuliokwenda nao. Huenda tungeona kwamba fundi huyo, badala ya nishani, anahitaji barua ya kumruhusu aingie ufukweni siku mbili kwa mwezi.

Jimbo la South Carolina lilipitisha sheria mwaka 2006 kukitangaza kikapu cha nyasi kuwa kazi rasmi ya mikono ya jimbo. Mwaka 2009 likafunguliwa banda zuri kando ya maji huko Mount Pleasant, karibu na daraja, wasusi wauzie vikapu vyao humo bila kupigwa na jua. Sheria ile imekitaja kikapu. Mahali pa kuvuna nyasi haikupataja, na wapo wasusi wanaosafiri hadi majimbo ya Georgia na Florida kuzitafuta.