Maikro-RNA na saratani ya tezi dume: dereva wa Malaba asingoje sayansi imfikie

Kutoka Bandari ya Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na wanaume wengi wa Pwani wamemalizia ujana wao kwenye barabara hiyo. Wakifika mpakani, Malaba au Busia, hukaa kwenye foleni ya malori, pengine kwa siku kadhaa. Kwa miaka mingi afya ya dereva ikizungumzwa huko, mazungumzo yalikuwa ni ukimwi. Saratani ya tezi dume haikutajwa sana, ilhali ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Ng'ambo ya pili hali ni hiyo hiyo: rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1951, imeonyesha ugonjwa huu ukiongezeka kwa miongo kadhaa.

Sasa kuna jina jipya linalotajwa pamoja na ugonjwa huu: maikro-RNA. Mwaka 2024 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuigundua. Waliiona kwanza ndani ya mnyoo wa urefu wa milimita moja, wakatangaza matokeo yao mwaka 1993.

Ili kuielewa, tazama kazi ya mpakani. Lori lenye mzigo halivuki bila hati, na afisa wa forodha akiishika hati, mzigo haundoki. Ndani ya kila seli, DNA ni kama ofisi kuu inayotoa amri. Amri hunakiliwa kwenye hati iitwayo mRNA, na hati hiyo hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Maikro-RNA ndiyo afisa wa forodha. Ni kipande kifupi mno, cha herufi 22 hivi, na chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kushika hati fulani na kuizuia, au kusababisha iharibiwe. Binadamu ana zaidi ya aina 1,000 za maafisa hawa, na mmoja anaweza kusimamia hati nyingi.

Saratani hupata mwanya utaratibu huo unapovurugika. Wakati mwingine afisa hayupo kazini. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walionyesha kwamba katika uvimbe mwingi wa tezi dume uliokomaa, miR-15a na miR-16 zimepungua. Hizi huzuia hati zinazoamrisha seli kugawanyika na kukataa kufa. Zisipokuwapo, seli huzaana bila kikomo. Wakati mwingine afisa amezidi mamlaka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa miR-21, ambayo ikiwa nyingi huzuia protini zilizo kama breki za seli. Dereva hahitaji kuelezwa gari lisilo na breki huishia wapi.

Hospitalini faida yake ingekuwa nini? Kipimo cha damu kinachotumika sasa ni PSA. Hupima protini inayotoka kwenye tezi dume, lakini protini hiyo hupanda pia tezi ikivimba kwa sababu ya umri au ikipata maambukizi. Tena PSA haisemi waziwazi ni saratani ipi itakayolala miaka mingi na ipi itakayokimbilia mifupa. Mwaka 2008 watafiti wa Seattle, Marekani, walilinganisha damu ya wagonjwa 25 wenye saratani iliyosambaa na ya wanaume 25 wasio na saratani. Waliona kwamba miR-141 imepanda kwa wengi wa wagonjwa hao. Maikro-RNA haziharibiki upesi ndani ya damu, kwa hiyo matumaini ya kupata kipimo kipya yalikua.

Hata hivyo, matumaini si dawa. Jaribio la kuwapa wagonjwa wa saratani mbalimbali maikro-RNA ya kutengenezwa, mfano wa miR-34a, lilisimamishwa Marekani mwaka 2016 baada ya baadhi yao kupata madhara makali ya mfumo wa kinga, wengine wakafariki. Kwa hiyo akitokea mtu kukuuzia dawa ya maikro-RNA ya kuponya tezi dume, iwe Busia au Mombasa, zuia pesa zako.

Watafiti wa nchi tajiri wanajiuliza ni mgonjwa gani anaweza kuachwa bila kupasuliwa. Sisi swali letu bado ni la nyuma zaidi: nani atapimwa kabla mifupa haijaanza kuuma? Saratani hii mwanzoni haina dalili. Dalili zikija, kama kuamka usiku mara nyingi kukojoa, mkojo kutoka kwa shida au kuwa na damu, dereva husema ni kiti, ni joto, ni kubana mkojo safarini. Pengine kweli, lakini daktari ndiye wa kuamua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume weusi wazungumze na daktari kuhusu kupimwa kuanzia miaka 45, kwa kuwa hatari kwao ni kubwa zaidi. Mwenye zaidi ya ndugu mmoja wa karibu aliyeugua akiwa bado si mzee, aanze miaka 40. Kwa mtu wa barabarani naongeza mawili. Kwanza, apime karibu na nyumbani, mahali atakaporudi kuchukua majibu na kumwona daktari yule yule. Kipimo cha njiani ambacho majibu yake hayafuatwi hakimsaidii. Pili, karatasi ya majibu aiweke pamoja na leseni na pasipoti. PSA ya leo humpa daktari maana zaidi ikilinganishwa na ya mwaka jana.