Mungu hasemi “nyuki tu”



Mpendwa msomaji, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru kuna kata iitwayo Ngarenanyuki. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni nchi ya nyuki. Sivyo. Ni jina la Kimasai, maana yake maji mekundu. Ndivyo tulivyo: tunasikia kitu nusu, kisha tunajiona tumekijua.

Nyuki wenyewe tunawatendea vivyo hivyo. Kwetu nyuki ni nyuki tu. Lakini wa tambarare, huku chini kwenye joto, wana umanjano zaidi na ni wakali. Juu msituni, kwenye baridi na ukungu, wapo weusi zaidi, wakubwa kidogo na wapole kuliko ndugu zao. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, aliwatambulisha hao wa milimani kwa jina la Kilatini, monticola, yaani mkaaji wa mlimani.

Tazama Meru, Kilimanjaro, Mlima Kenya na Elgon. Ni kama visiwa: misitu ya baridi iliyozungukwa na tambarare zenye joto. Nyuki wa kisiwa kimoja hahamii kingine kirahisi.

Je, hao ni aina yao kweli, au ni wale wale waliovaa koti jeusi? Wataalamu wamebishana. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliolinganisha vinasaba vya nyuki wa milimani na wa tambarare nchini Kenya. Ilionekana wanafanana karibu kila mahali, isipokuwa hasa katika sehemu mbili, nazo zinahusishwa na maisha ya mwinukoni. Ni ndugu kabisa. Lakini mmoja amekabidhiwa kipaji ambacho mwenzake hana.

Mtume Paulo angetabasamu. Si ndivyo alivyowaandikia Wakorintho, kwamba Roho ni mmoja na karama ni mbalimbali (1Kor 12)? Kufanana kwetu hakufuti kile kidogo ambacho Mungu amemwekea kila mmoja.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anamletea Adamu wanyama awape majina (Mwa 2:19-20). Kazi hiyo haikuwa mchezo. Ukishampa kiumbe jina, huwezi tena kusema hukumjua alipopotea. Papa Fransisko, katika Laudato Si’ ya mwaka 2015, alisikitikia viumbe wanaotoweka kabla hatujawafahamu. Kwa sababu yetu hawatamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwao.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeishi chini ya mlima huu, usirine asali kwa mwenge unaoteketeza kundi zima na msitu pamoja nalo. Usikate miti ya asili inayochanua huko juu. Ukitaka kufuga, tundika mzinga nyuki wa hapo hapo waingie wenyewe. Usiwapandishe mlimani wageni kutoka tambarare wakachanganyika na wenyeji. Kilichochanganyika hivyo hakitenganishwi tena.

Nami nina la kuungama. Parokiani tunajua kuhesabu: wabatizwa wangapi, ndoa ngapi, michango kiasi gani. Siku moja niliambiwa kuhusu mama mmoja aliyekuwa hajaonekana kanisani kwa miezi mitatu. Nilimkumbuka sura na benchi lake. Jina sikulijua. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yn 10:3). Mimi nilikuwa na idadi tu.

Katika Mkesha wa Pasaka, shemasi anapoimba mbele ya Mshumaa, Kanisa humtaja hata nyuki na kazi yake. Mdudu mdogo anakumbukwa usiku mkuu kuliko yote! Basi leo, wakati wa kutakiana amani, muulize jina yule unayekaa naye benchi moja kila Jumapili.

Nawatakia Dominika njema.