Familia Inapohamia Kanzenze: Mtoto Naye Apewe Uhamisho Wake

Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huing'oa nyumba nzima. Askari au polisi aliyepangiwa kazi katika Wilaya ya Rubavu hupokea amri, hufunga mzigo wake na kuripoti siku iliyotajwa. Mkewe na watoto ndio wabakiao na maswali. Je, wamfuate au wabaki Kigali? Na wakimfuata, wapange mjini Gisenyi, au mahali padogo nje ya mji kama Kanzenze? Wengi hulijibu swali hili kwa kupiga hesabu ya kodi ya nyumba tu. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi, kwa kuwa yupo mmoja asiyeulizwa, naye ndiye atakayeupata ugeni kwa uchungu zaidi: mtoto.

MAHALI PENYEWE

Yafaa kwanza jina lifahamike. Rwanda ina Kanzenze zaidi ya moja. Ipo ile ya Bugesera, penye daraja la mto Nyabarongo kusini mwa Kigali. Na ipo hii ya Rubavu, mmojawapo wa mirenge 12 ya wilaya hiyo iliyoundwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Anayesafirisha godoro na vyombo na aandike anwani yake kwa ukamilifu.

Kanzenze ya Rubavu iko kando ya barabara kuu itokayo Kigali kupitia Musanze. Msafiri hupita Mukamira, kisha Bigogwe, mahali panapofahamika sana kwa wanajeshi, ndipo afike Kanzenze. Kutoka hapo barabara huteremka kuelekea Mahoko, Nyundo na Gisenyi, ufukoni mwa Ziwa Kivu. Ziwa liko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari. Kanzenze iko juu zaidi, katika nchi ya udongo wa volkano, viazi, karoti na vitunguu, ukungu wa asubuhi na baridi ya usiku.

Wazazi wanaoutazama upande wa vilima wana sababu zao. Gisenyi ina hospitali, masoko, benki na biashara ya mpakani na Goma, lakini miaka ya karibuni imeuletea mji huo mitihani mizito. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakazipasua nyumba mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na mto Sebeya ukazivamia nyumba za watu Rubavu. Januari 2025, vita vya Goma vilivusha risasi na makombora hadi upande wa Gisenyi, na raia wakapoteza maisha.

Hata hivyo, kilima nacho kina hatari yake. Nyumba iliyojengwa chini ya ukingo uliochongwa, au kwenye njia ya maji ya mvua, haifai kupangwa hata ikiwa rahisi namna gani. Mpangaji na aende kuiona mvua ikinyesha, si wakati wa jua peke yake.

SHULE KABLA YA NYUMBA

Desturi ya wengi ni kutafuta nyumba kwanza, kisha shule iliyo karibu nayo. Kwa mwenye mtoto, mpango huo ugeuzwe. Shule ichaguliwe kwanza, nyumba ifuate.

Mwaka wa masomo nchini Rwanda siku hizi huanza Septemba. Uhamisho wa kazi haungoji Septemba, lakini safari ya familia yaweza kungoja. Mtoto aliye darasa la sita, anayejiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ni vyema aumalize mwaka alikouanza, hata kama baba atatangulia kwa miezi kadhaa. Upweke wa miezi hiyo ni mchungu, lakini mtihani uliovurugika huacha kovu la muda mrefu zaidi.

Lipo pia suala la zamu. Kwa sababu ya wingi wa wanafunzi, shule nyingi za msingi zimekuwa zikiwafundisha watoto wa madarasa ya chini kwa zamu mbili, wengine asubuhi na wengine alasiri. Mwaka 2020 Serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 ili kuupunguza msongamano huo, lakini mzazi asidhani tu; na aulize. Mtoto asomaye nusu siku huwa nyumbani nusu ya pili. Baba yuko lindoni. Mama, ikiwa anafanya kazi au biashara Gisenyi, yuko ndani ya basi. Nani atamfungulia mtoto mlango? Swali hili likikosa jibu, nyumba ya bei nafuu imekwisha kuwa ghali.

Tena njiani kuna magari. Barabara hiyo kuu ndiyo ipitayo malori yaendayo mpakani, na mteremko wake ni mkali. Mzazi na aitembee njia ya shule pamoja na mtoto, kwa miguu, si mara moja bali wiki nzima, mpaka mtoto ajue pa kuvukia na pa kungojea. Nyumba iliyo upande mmoja wa barabara na shule ni bora kuliko nyumba nzuri iliyo ng'ambo.

LUGHA NA MARAFIKI

Tangu uamuzi wa Desemba 2019, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Lakini uwanjani na dukani, Kinyarwanda ndicho hutawala, na karibu na mpaka Kiswahili nacho husikika. Mtoto aliyesoma shule ya kulipia Kigali aweza kukijua Kiingereza kuwazidi wenzake wapya, akaanza kuwacheka. Aliyekulia Tanzania au Uganda aweza kuchekwa yeye, kwa Kinyarwanda chake kigumu. Wote wawili wanahitaji mzazi atakayewatangulia kwa mwalimu wa darasa, aeleze mtoto anatoka wapi, anaweza nini na anaogopa nini. Maelezo ya robo saa humwokoa mtoto na mwezi mzima wa kukaa peke yake.

Nyumbani, mtoto na aambiwe habari mapema, si asubuhi ya kupakia mizigo. Apewe nafasi ya kuwaaga rafiki zake, na achague mwenyewe vitu vyake vichache vya kubeba. Akilia, asikemewe kwamba mtoto wa askari halii. Mtoto hakula kiapo cha jeshi.

JIKO, CHAKULA NA AFYA

Baridi ya Kanzenze huwashawishi wageni kuingiza jiko la makaa chumbani usiku. Jambo hilo lisifanyike kabisa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Blanketi la pili na sweta ni ulinzi wa kutosha.

Kuhusu chakula, viazi ni vingi, na viazi hushibisha. Lakini kushiba si kukua. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2019 na 2020 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 33 wamedumaa, na hali ilikuwa mbaya zaidi Kaskazini na Magharibi, nchi yenyewe ya viazi. Sahani ya mtoto iongezwe maharage, mboga za majani, yai, maziwa ya nyanda za Gishwati, na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaouzwa Gisenyi. Konzi moja ya sambaza waliokaushwa na kusagwa huubadilisha uji wa mtoto.

Kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na karatasi za bima ya matibabu visafiri katika mkoba wa mama, si ndani ya lori. Na kituo cha afya kijulikane mahali kilipo kabla homa ya kwanza haijabisha hodi.

KUJULIKANA NI ULINZI

Familia na ijiandikishe mapema kwa kiongozi wa mudugudu. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mikutano ya jioni ya familia ndipo jirani hupatikana. Siku baba atakapokuwa kazini na mama kukwama njiani, jirani huyo ndiye atakayempa mtoto uji na pa kukaa.

Kanzenze yaweza kumlea mtoto vizuri, ikiwa shule, njia na mlezi wa saa za mchana vimepatikana kabla ya lori kung'oa nanga. Vikikosekana, ni heri familia ingoje muhula. Amri ya kikosi humpa askari siku ya kuripoti. Siku ya mtoto kuhama hupangwa na wazazi wake wawili, wakikaa pamoja na kushauriana.