Mama Hakungojewa

Mama yetu alifariki Kiptere, baina ya Kapsoit na Sondu, alikohamia pamoja na marehemu baba walipofungua duka. Kaka yetu yuko Malawi, akisomesha Qur'ani na kulingania dini. Habari ilimfikia alfajiri. Ndege ilikuwa ya kesho yake.

Majirani zetu Wakipsigis, waliozoea kuhifadhi maiti hadi watoto wote wafike, walituuliza kwa huruma: mtamzika bila ya kifungua mimba wake? Swali lilituchoma. Lakini sheria imehimiza kuharakisha, na yeye mwenyewe alisema kwa simu, "Msiningoje." Tukamzika baada ya alasiri. Huenda tulionekana wakavu wa moyo. Laiti wangalituona usiku ule.

Alifika siku ya tatu asubuhi, viatu vimejaa tope. Hakuuliza habari za matanga. "Nani aliyemlaza mwanandani?" Tukamjibu: mjomba na mdogo wetu. Akanyamaza kitambo kirefu.

Mtume (s.a.w.) alimswalia kaburini mfagiaji wa msikiti aliyezikwa bila ya yeye kuarifiwa, na Najashi, aliyefia Habasha, aliswaliwa Madina. Basi kaka akaelekea kibla, kaburi liko mbele yake, akaleta takbira nne. Sisi tuliokwisha kumswalia tulisimama kando. Mzee mmoja jirani alivua kofia, akasimama nasi mvuani hadi salamu.

Baada ya hitima kaka alirejea Malawi. Wanafunzi wake walikuwa wamefika juzuu ya pili.